Kifaa Nilichofunga kwenye Gari la Baba

Kwa kuwa nafundisha fizikia, watu hunijia na maswali ya magari. Juzi mwalimu mwenzangu, mtu wa Mbeya aliyenunua pikapu kuukuu ya petroli, aliniuliza kama inafaa ang'oe pointi za zamani afunge kile kifaa cha kielektroniki kinachotangazwa kwenye simu. Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Nilimwambia kifaa ni kizuri, kinafanya yote yanayosemwa, na kwamba kama ana mtu anayemngoja mbali asikiguse. Akacheka, akidhani namtania.

Baba yangu alikuwa na pikapu ya namna hiyo hiyo, na bado anayo. Imebeba mahindi na ulezi wa kijiji chetu, imebeba wagonjwa, imebeba maharusi. Ndani ya distributa ya gari kama lile kuna vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, na kila vikiachana cheche inaruka kwenye plagi. Hizo ndizo pointi. Zinaungua taratibu, nafasi kati yake inabadilika, na asubuhi ya Juni hapa Ufipa, baridi ikiwa imeganda kwenye kioo, gari linakataa kuwaka. Baba alikuwa akifungua kifuniko, anazisugua kwa kipande cha msasa alichokiweka kwenye mfuko wa shati, anapima nafasi kwa nyembe nne alizozibana pamoja, anafunga. Dakika kumi tu. Mimi nasimama pembeni na viatu vyangu vya kazi, Jumatatu, nataka anirudishe mjini, Kizwite ninakopanga, nimechelewa kipindi cha kwanza.

Nilikuwa naona aibu. Nasema hivyo wazi kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nasema nilimhurumia baba, kwamba mzee wa miaka sabini na kitu hapaswi kuinama kwenye boneti alfajiri. Uongo mtupu. Niliona aibu kwa wanafunzi wangu kuniona nikishuka kwenye gari la kusugua kwa msasa, mimi ninayewachorea ubaoni jinsi umeme unavyosafiri.

Basi nikakiagiza kifaa Dar, kikaja kwa basi ndani ya boksi dogo. Fundi mmoja wa mjini alikifunga mchana mmoja tu. Kilikuja na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyemsomea fundi mstari kwa mstari. Mstari mmoja ulisema usiache swichi ikiwa imefunguliwa huku injini imezimwa, kifaa kitaungua. Fundi akasema hilo nimwambie mzee. Nikamwambia nitamwambia. Akauliza kama nachukua zile pointi, kibao chake na kondensa, maana kwa safari za mbali ni vizuri kuwa navyo. Nikamwambia atupe. Nakumbuka hata nilicheka.

Sikumwambia baba. Sikusahau. Nilichoka tu kumweleza mambo, nikaona hayo ni ya kitaalamu mno, atachanganyikiwa.

Na kusema haki, gari liliwaka. Liliwaka asubuhi za baridi kwa mguso mmoja wa ufunguo, likaacha kukohoa mlimani, na baba akawa anazunguka kijijini akijisifu kwamba binti yake ameliwekea gari akili. Msasa ukabaki nyumbani.

Baba ana mdogo wake mmoja tu, au niseme alikuwa naye. Baba mdogo alihamia Kasanga zamani, akawa mtu wa boti za mizigo, huku ziwani na upande wa Kongo. Bibi yetu alipofariki hakuja kumzika. Hakutuma mtu, hakutuma neno. Baba alisimama kaburini mbele ya ukoo mzima akasema mama yake alizaa mtoto mmoja. Maneno hayo yalifika Kasanga kabla ya jua kuzama, kama maneno ya namna hiyo yanavyofika, na kwa miaka tisa ndugu hao wawili hawakusemezana.

Ilikuwa likizo ya Juni, mimi nipo kijijini, mama mdogo, mke wa baba mdogo, alipopiga simu. Alisema mumewe amevimba tumbo, hali chakula tena, na anamwita kaka yake. Ana jambo la kumwambia kuhusu maziko ya mama yao. Baba alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Alijibu neno moja tu, kwamba anakuja, kisha akaenda kuangalia maji ya gari.

Tuliondoka asubuhi, yeye na mimi. Tulipofika Matai, katikati ya safari, saa tano ikiwa imepita, simu ya Kasanga ilikuwa haipatikani tena. Baba akasimamisha gari mbele ya duka, akashuka, akaingia, akatoka mikono mitupu. Nilimuuliza kulikoni. Alisema hajui anunue nini. Kama mdogo wake ni mzima, anunue sukari na mikate ya mgonjwa. Kama amekwisha kufa, anunue sanda, maana yeye ndiye mkubwa na sanda ni juu yake. Na hawezi kuingia kwa mgonjwa na sanda, wala msibani na mikate. Alisimama pale kwenye vumbi, mwanamume mzima, akinitazama.

Nikakumbuka kwamba saa sita redio ya mkoani husoma matangazo ya vifo. Nikasema tusikilize, kama jambo limetokea litatajwa. Redio ya gari lile haisemi bila swichi kufunguliwa. Baba alizima injini ili tusikie vizuri, na mimi, kwa mkono wangu huu, nikageuza ufunguo nusu. Tuliketi hapo karibu saa nzima. Nyimbo, matangazo ya mbolea, salamu, kisha vifo. Kila jina lilipoanza baba aliacha kupumua. Jina la mdogo wake halikusomwa. Mstari ule wa Kiingereza haukunijia kichwani hata mara moja, mimi niliyeusoma kwa sauti.

Baba akanunua sukari kilo mbili na mikate minne. Sijamwona na furaha ile tangu bibi alipokuwa hai. Gari liliwaka, tukatoka Matai, na kilometa chache mbele likazima katikati ya mwendo, kimya, bila hata kukohoa.

Alifungua boneti. Akatoa kifuniko cha distributa kama alivyozoea maisha yake yote, akainama, akabaki ameinama. Mle ndani mlikuwa na kidude cheusi cha plastiki, kimezibwa pande zote.

"Mwanangu," akasema, "sasa hapa nisugue nini?"

Nilichomoa waya wa plagi nikamwambia apige stata. Cheche hakuna. Nilipima kwenye koili, umeme upo. Mtoto wa kidato cha tatu angejua kwamba kifaa kimekufa, na mimi nilijua ndani ya dakika kumi. Lakini nilikuwa nimekinunua mimi. Nikapanda kilima kutafuta mtandao, nikampigia fundi, nikashuka, nikakaza waya, nikapanda tena.

Nikiwa nimeshika bisibisi, lori la saruji likasimama. Lilikuwa linashuka Kasanga bandarini, na dereva alimwamkia baba shikamoo, akasema mbele kuna nafasi ya watu wawili. Ilikuwa saa saba. Baba akanitazama. Hakulitazama lori, alinitazama mimi.

Nikasema, "Baba, nipe dakika ishirini. Nalimaliza."

Akamshukuru dereva, akamwambia binti yake ni mwalimu wa mambo hayo. Lori likaondoka.

Gari lililotuchukua lilipita saa kumi. Hapo katikati yalipita yanayopanda tu kutoka ziwani, na baba alikaa kwenye jiwe na mikate yake, hakuniuliza hata mara moja dakika ishirini zimefika wapi. Ningefurahi angenitukana. Niliendelea kufungua na kufunga skrubu zilezile, na mwisho nikalaza bisibisi kwenye injini nikakaa chini barabarani.

Tulifika Kasanga jua linaelekea kuzama. Vilio tulivisikia kabla ya kuiona nyumba. Baba mdogo alikuwa amekata roho saa kumi kasoro. Lori la saruji, tuliambiwa bila kuuliza, lilikuwa limeingia bandarini saa tisa.

Mama mdogo alimpeleka baba ndani, mimi nikafuata. Walikuwa wamemlaza mdogo wake kwenye mkeka, wamemfunika shuka. Baba alikaa chini karibu na kichwa, kisha akauliza kama marehemu aliacha neno lolote.

"Nilimwomba, shemeji," mama mdogo akasema. "Nilimwambia niachie mimi, nitamfikishia. Akasema hapana, hilo ni la kaka, na kaka yuko njiani na gari. Mara ya mwisho nimemwomba saa tisa na nusu. Akasema, ngoja, anafika."

Baba akaitika kwa kichwa. Sanda ilinunuliwa na mtu mwingine, tulizika kesho yake mapema kwa sababu ya joto la kule chini ziwani.

Gari lilivutwa hadi mjini, likafungwa kifaa kingine, na linawaka vizuri sana. Baba hajanilaumu. Nilitaka kumweleza kosa langu, la ufunguo na la ule mstari, lakini nilipoanza alinikatiza, akasema vyuma huharibika. Akiulizwa na wenye magari wenzake anawaambia wafunge, kwamba binti yake amesoma, hawezi kumpa kitu kibaya.

Lakini siku hizi, akinirudisha mjini Jumatatu, huwa anatafuta sababu ya mdogo wake kutokuja kumzika mama. Labda alikuwa Kongo, boti zimezuiwa. Labda alikuwa mgonjwa akaona haya kusema. Labda alikuja, akafika njiani, akasikia yale maneno ya kaburini akarudi. Anazitaja moja moja, taratibu, anapunguza mwendo, kisha ananigeukia mimi msomi wake anisaidie kujua ni ipi. Namwambia sijui, baba. Anasema haya, na wiki inayofuata ananiuliza tena.