Kondoo wa Kando ya Josho

Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, mama mkwe wangu, ambaye namwita yeyo, alichinja kondoo. Kwetu Nainokanoka mwanamke aliyepoteza damu hunyweshwa mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa, ili mwili urudi. Alinishikia kikombe mwenyewe. Mimba ya pili ilipotoka, alichagua kondoo mnono zaidi.

Kondoo wetu walikuwa na sifa. Mume wangu aliwajengea zizi kando ya josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, lililoachwa kabla sijaolewa. Kupe hawakai pale. Yeyo aliwatania majirani kwamba kupe wetu wamehamia kwao. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawakai.

Mtoto wa tatu alicheza tumboni, kisha akaacha. Hospitalini Karatu daktari aliniuliza tunakula nini na mifugo inalala wapi. Nilipotaja josho, aliweka kalamu chini. Alisema baadhi ya dawa zilizotumika zamani kwenye majosho haziozi. Hubaki udongoni miaka mingi. Mnyama huzimeza pamoja na vumbi na majani, zikakaa kwenye mafuta yake. Anayekula mafuta hayo naye huzibeba mwilini, na kidogo kidogo hufika kwenye mayai ya uzazi, hata kwa mtoto aliye tumboni. Nikamuuliza kama ndizo zilizowaua wanangu. Akasema hajui, na hapo hawana kipimo cha kujua. Hakunidanganya. Nimebaki na hilo tu.

Waliolijenga josho hawakuacha hata uzio wa miiba.

Niliporudi, yeyo alikuwa ameshachinja. Nilimweleza yote mafuta yakiwa yanapoa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, yeyo. Ni udongo ule."

"Udongo haukukushikia kikombe."

Akayamwaga mafuta kwenye majivu, akakaa nje hadi jua likazama.

Zizi tulilivunja. Kondoo, mume wangu alisema atawapeleka mnadani Karatu. Nikamwambia watakaowanunua nao wana wake majumbani. Alisema ukame umetumaliza, na kwamba sisi tumekula kondoo hao miaka yote na tuko hai. Alisema hivyo pale motoni tulipokaa watatu tu, mama yake, mimi na yeye.

Mnadani kondoo walinunuliwa mapema, kabla soko halijachangamka. Walikuwa wamenona sana.