Baba Alipoanza Kuwakosea Wafalme wa Roma

Baba yangu alimsahau Konstantino siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi.

Konstantino si jirani yetu. Si mjomba wala shemeji. Ni mfalme wa Roma, kafa karibu miaka elfu moja na mia saba iliyopita.

Chekeni tu. Mimi sikucheka. Wala sikuogopa. Nilisema kimoyomoyo: haya, na Baba naye anaondoka.

Baba ni fundi saa mstaafu. Miaka arobaini anakusanya sarafu za shaba za Kirumi. Si dhahabu, jamani. Ni vile vichenji vya watu wa kawaida, vinauzwa kwa fungu vikiwa na udongo wake, vinakuja kwa posta. Anaviloweka kwenye maji safi ya betri, yale yasiyo na tindikali, hata wiki tatu. Kisha anavikwangua kwa kijiti cha meno mpaka uso utokeze. Anabana kioo chake cha ufundi jichoni, anakuambia: huyu fulani, ilipigwa mji fulani.

Kwenye kundi lao la simu, wakusanyaji wenzake walimwita Jicho. Jicho akishasema, mjadala umefungwa.

Mimi nilikuwa nimerudi kwake kwa sababu mwanangu alizaliwa kimya.

Sina mengi ya kueleza hapo. Alizaliwa, hakulia, tukamzika. Mume wangu alirudi kwenye meli anakofanya kazi, mimi nikarudi kwenye chumba changu cha usichana, nikageukia ukuta.

Nikawa silii. Watu wakadhani ni uvumilivu. Uvumilivu wapi! Ilikuwa ile ganzi ya kung'oa jino, ila mwili mzima.

Shangazi akaja. "Mwanangu, jikaze. Mungu atakupa mwingine." Nikamsikia kama redio ya nyumba ya pili.

Sasa Jumanne hiyo Baba akaingia chumbani na kiti chake na sahani ya sarafu. Eti mwanga wa sebuleni haumtoshi. Akakaa dirishani, akawa anaongea peke yake.

"Huyu mfalme Yuliani huyu."

Nikageuza shingo. Utotoni nilikuwa namshikia taa akifanya kazi. Zile nyuso nazijua kama za baba zangu wadogo.

"Baba, siyo."

"Siyo nini?"

"Yuliani ana ndevu kama beberu. Huyo kidevu kimenyolewa. Konstantino huyo."

Akaisogeza kwenye kioo. "Ala! Kumbe."

Kesho yake akavuruga tena. Sarafu ya askari wawili, katikati yao bendera. Zipo za bendera mbili, zipo za moja, na hapo ndipo unapojua ipi ilitangulia. Yeye kaandika mbili.

"Baba, ni moja. Hebu lete."

Ili kuishika ikabidi nikae kitako. Keshokutwa yake ikabidi nihamie mezani, maana alikuwa anaandika upuuzi kwenye vibahasha anamohifadhi sarafu zake za miaka arobaini. Wiki ya pili nikawa naamka mapema nimuwahi kabla hajaharibu. Nikiwa pale, chai inamiminwa, nakunywa. Mkate unakuja, nakula. Mkono unakwenda mdomoni wenyewe.

Kibaya zaidi, makosa yake akawa anayapeleka na kundini, picha na maelezo.

"Jicho limepata mtoto wa jicho!" mmoja akaandika. Vicheko kama mvua. Walimvumilia siku chache, kisha wakamwondoa kwenye usimamizi wa kundi alilolianzisha mwenyewe.

Baba akasoma, akaweka simu kifudifudi.

"Sawa," akasema. "Nipe hiyo nyingine."

Nikampigia kaka.

"Mzee kichwa kinamtoka."

"Mimi nilishaona," kaka akasema. "Aje akae kwangu. Nyumba tuifunge, na hivyo vyuma chakavu vyake tuviuze kwa kilo."

"Kwanza daktari aseme."

"Ujumbe wa daktari ukija, mimi naleta gari."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikaoga nikavaa viatu. Nikampeleka Baba hospitali, nimemshika mkono kama mtoto.

Daktari akamuuliza leo tarehe ngapi. Akataja. Akamwambia atoe saba kwenye mia, aendelee kutoa. Akashuka mpaka mbili bila kupepesa. Akamwambia achore saa.

Baba akachora saa, na mshale wa sekunde, na kitufe cha kutilia saa ufunguo. Akasema, "Na hiyo yako ya ukutani inachelewa dakika nne, daktari."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniangalia mimi, si yeye.

"Dada, mzee hana tatizo. Hivi hapa ni nani kamleta mwenzake?"

Tukatoka. Tukakaa kwenye benchi la nje, watu wanapita na mafaili yao.

"Tangu lini unakosea makusudi?" nikamuuliza.

"Tangu baada ya ile ya kwanza."

"Konstantino ulimjua?"

"Binti yangu, Konstantino namjua hata gizani, kwa kidole."

Nikamgeukia.

"Nilikuita ule, kimya," akasema. "Nilikuita uoge, kimya. Shangazi yako akaongea mpaka koo likamkauka. Siku hiyo nimekosea kweli, ulimi tu umeteleza. Ukasema, 'Baba, siyo.' Lilikuwa neno lako la kwanza kwa siku kumi na tisa. Nikasema basi, kama ni makosa ndiyo yanakuinua, nitakosea."

"Na wenzako je? Walivyokucheka?"

"Wale ni watu wa sarafu," akasema. "Wewe ni mwanangu."

Ningependa kuwaambia nililia pale. Sikulia. Niliegemea bega lake tu, shati lina joto, nikahisi lile joto. Nusu saa hivi.

Machozi yalikuja baada ya mwezi, nikifua. Yalipokuja hayakubisha hodi. Bado sijapona, nisiwadanganye, lakini nasikia maumivu sasa, na mwenye maumivu anajua pa kushika.

Ndugu zangu, aliyekufa ganzi msimhubirie. Muombeni msaada kwa jambo ambalo anaona wazi mnalivuruga. Na kama itabidi watu wawaite wajinga kwa ajili hiyo, waacheni waite.