Pini ya mower iliyonitoa kazi Hurlingham, na mahali niliipata

Wakuu, niaje. Mimi ni mzee, naandika na kidole moja kwa simu ya mjukuu, so mnisamehe spelling. Hii story sijaitia chumvi. Ikikukasirisha, jua mimi imenikasirisha tangu nikiwa kijana.

Miaka ya sabini, mwanzo mwanzo, nilikuwa dereva wa trekta ndogo kwa klabu moja ya michezo Hurlingham. Jina la klabu nabaki nalo.

Trekta yenyewe ilikuwa kitu ya maana. Leo unaifunga trailer, kesho unaifunga mower, ile mashini ya kukata nyasi. Mower ilikaa chini ya tumbo ya trekta, inaning'inia kwa pini nne za chuma. Moja ikitoka, kona inashuka, visu zinanyoa udongo badala ya nyasi.

Ndio maana hizo pini nilikuwa nimezipaka rangi nyekundu. Ikianguka kwa nyasi, naiona.

Kazi ilikuja na chumba kwa quarters za wafanyakazi. Bibi yangu Rispa alikuwa ametoka Kakamega juzi tu, na mtoto mchanga. Kumbukeni hapo.

Asubuhi moja napata pini moja haiko. Mahali yake kuna msumari ya inchi sita, imekunjwa!

Nikauliza foreman wetu, Josphat, mzee wa kanisa mwenye heshima zake. Akasema pini imepotea, ingine inakuja kutoka Industrial Area. Nikamwambia msumari haiwezi kubeba mower. Akasema mimi ni dereva, si fundi, nisonge na kazi.

Na mimi mjinga nikasonga. Kila asubuhi nauliza, kila asubuhi pini inakuja.

Sasa ikafika Ijumaa, na kesho yake kuna mechi ya kriketi ya wakubwa. Mnajua ukikata uwanja unaangalia mbele, ndio mstari usipinde. Msumari ikakatika na sikusikia, juu trekta inanguruma. Kufika mwisho nigeuze, naona nyuma yangu udongo mwekundu, mstari mzima, kama kichwa imenyolewa na kinyozi mlevi.

Josphat akakimbia kwa meneja kabla yangu. Akasema ule msumari niliweka mimi, kwa uvivu. Ati mimi! Meneja hakuniuliza hata swali moja. Sack, na Jumatatu chumba iwe tupu.

Jumapili baada ya kanisa nikatembea mpaka Dagoretti, nyumbani kwa Josphat. Sikuenda kugombana, wakuu. Nilienda kumwomba aniombee msamaha.

Bibi yake akanifungulia geti, geti mpya ya mbao. Na kwa komeo, imefungwa na kamba, nikaona pini nyekundu.

Rangi yangu mwenyewe.

Nikaingia, nikanywa chai ya Josphat kwanza. Nilipomuuliza, hata aibu hakuona.

“Hiyo ni kachuma tu, Wafula,” akasema. “Kwa klabu ziko mingi.”

Nikatoka, nikaichomoa kwa geti yake, nikaenda nayo.

Jumatatu nikaiweka kwa meza ya meneja na nikamweleza yote. Tukaenda naye mpaka kwa trekta. Akaisukuma kwa tundu, ikaingia vizuri kabisa.

Halafu akasema, “Asante kwa kurudisha mali ya klabu.”

Basi. Kazi ilikuwa imeshapewa mtu, na Josphat akabaki foreman. Hiyo mchana nikabeba godoro, Rispa akabeba mtoto, tukashika njia ya Kawangware.

Nilichojifunza: usikalie mashini imefungwa na mtu mwingine kabla hujapiga magoti uangalie chini. Ukiona msumari, kataa, hata kama mwenye kuiweka anasoma Bible mbele ya watu.

Kama uliwahi kubebeshwa makosa ya mkubwa wako, hebu toa yako hapa tusikie. Lakini mtu asiniambie “samehe, mzee.” Rispa alifagia hiyo chumba akilia, ndio waliofuata waipate safi. Mwombeni yeye kwanza.