Siku Honi Ilipomwoza Mama

Enzi zetu sisi watoto wa Kariakoo, gari la harusi halikupita tu mtaani. Lilisindikizwa. Ukisikia matarumbeta yanatokea upande wa Msimbazi unaacha kila kitu: daftari, uji, hata kichapo kilichokuwa katikati, maana mzazi mwenyewe katupa mwiko kakimbilia barazani kutazama. Tulilifuata gari hadi Mnazi Mmoja, miguu peku, vumbi puani, tukishangilia ndoa za watu tusiowajua hata kwa sura. Wapo wenzetu waliokimbia wakapotea, wakarudi nyumbani wameshabalehe.

Wewe mwenzangu uliyecheza kombolela kwenye vichochoro vya Mtaa wa Sikukuu unanielewa. Magari yetu wenyewe tuliyaunda kwa waya, makopo ya maziwa na matairi ya ndala zilizokatika. Langu halikuwa na paa kwa sababu kopo halikutosha, lakini mama yangu, Mama Sudi, alilisifia mbele ya wateja wake wa vitumbua. "Hilo ndilo gari," alisema huku anageuza vitumbua kwenye chuma chake. "Yale mengine ni makabati yenye matairi."

Sifa hiyo ilikuwa na historia yake. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, maneno yake yamenyooka kuliko mishono yake. Alipomposa mama alimwahidi kumchukua siku ya harusi kwa gari la wazi, Dar es Salaam nzima imwone. Siku ikafika. Bibi harusi kapambwa, kakaa mkekani, anasubiri honi. Akasikia kengele. Baba kaja na baiskeli ya kuazima, kaifunga utepe mweupe kwenye usukani! Alipoona mashangazi wamenuna, akauliza kwa utulivu kabisa, "Kwani hii ina paa?"

Bibi harusi akapakiwa kwenye keria, na swali lile likawa sheria ya nyumba yetu. Tukiomba samaki tunaletewa dagaa: "Kwani hawa ni kuku?" Tukiomba viatu vya shule tunaletewa ndala: "Kwani hizi zinavaliwa kichwani?" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Ila likipita gari la harusi lililo wazi, aliacha chuma motoni. Alilitazama mpaka linapotea, vitumbua vinaungua. Mimi ndiye niliyekuwa mlaji wa vilivyoungua, kwa hiyo harusi zote za Kariakoo za miaka ile nazijua kwa ladha.

"Mama," nilimwambia siku moja mdomo umejaa, "nikiwa mkubwa nitakununulia."

"Ukue kwanza, baba. Na kamasi ufute."

Nikakua, kwa kuchelewa kidogo. Shule nilimalizia ya jioni, dawati moja na babu wa watu, tunaibiana majibu. Sasa nauza viatu vya mitumba Mchikichini. Baba katangulia, nyumba yetu imevunjwa likajengwa ghorofa la watu, na mama anaishi kwangu Buguruni. Tangu ahame hakutaka kurudi Kariakoo hata kusalimia tu. Alisingizia magoti, mpaka siku moja akasema la moyoni: "Nikapite mtaani kwangu niulizwe, bibi, unatafuta duka gani? Kule hakuna anayenijua tena, Sudi." 

Ndiyo maana nilipoliona lile gari kwenye gereji ya jirani sikuuliza mengi. Jekundu, wazi kabisa, kuukuu la kustahili shikamoo. Turubai la juu liliisha kwa panya, na mlango wa abiria haufunguki. Fundi aliyeniuzia aliniapia kwamba kila kitu kinafanya kazi, isipokuwa vile visivyofanya. "Ila honi usiizoee, kaka," akaniambia. "Ina hasira."

Mke wangu alilizunguka, akashika kiuno. "Mama ana magoti mabovu, wewe unamletea gari bovu. Watafarijiana."

Mama alitoka uani, akalipapasa boneti kama anayepima homa ya mtoto. "Hili la nani?"

"Lako, mama. Twende Kariakoo."

"Kariakoo siendi." Akaingia ndani. Nikabaki nimesimama, najua nimenunua banda la kuku. Baadaye akatoka kajitanda ushungi mweupe pe. "Kwa ajili ya vumbi," akasema kabla sijauliza. "Na tunapita tu. Hatusimami." Tukampandisha kwa stuli, majirani wanashika huku na huku kama wanapakia friji.

Ilikuwa Jumapili alasiri, tukashika Barabara ya Uhuru. Mama kiti cha nyuma, kajiinamia, anajificha. Na kujificha ndani ya gari lisilo na paa si kazi ndogo. Tulipokata kuingia Msimbazi mkokoteni ukanikatiza, nikagusa honi. Ikanasa. Nikaipiga ngumi inyamaze, badala yake ikaanza kwa mapigo: pi-pi-piii, pi-pi-piii, mpaka nadhani Unguja walisikia.

Basi! Gari jekundu la wazi, honi, na mama wa ushungi mweupe anayeinama kwa haya. Kariakoo itake ushahidi gani tena? Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa muuza ndizi, kikadakwa ng'ambo ya barabara. Muuza maua ya plastiki akamtupia mama shada mapajani. Wapiga matarumbeta waliokuwa juu ya pikapu, wanarudi kutoka shughuli nyingine, wakaingia mbele yetu na kupuliza bila kuuliza.

"Bibi harusi, inua uso tukuone!"

"Sudi, waambie," mama akaniomba.

"Niwaambie vipi, mama, na honi hii?"

Tukaingia Mtaa wa Sikukuu hivyo hivyo, foleni ikatusimamisha mbele ya ghorofa lililokalia nyumba yetu. Kwenye ngazi zake alikaa Bi Chausiku, jirani wa zamani aliyekuwa anauza ubuyu mkabala na baraza letu. Bado anauza. Akakodoa macho, akatua kopo lake chini.

"Mama Sudi? We Mama Sudi! Unaolewa mimi sina habari?"

Mama akainua uso. Nilimwona kwenye kioo.

"Huna habari, na wewe uko kwenye kamati? Vikao vyote umetoroka, Chausiku!"

"Nitoroke mimi! Na bwana harusi ndiye huyo kipara?"

"Huyo nimemzaa mwenyewe. Mtazame masikio."

"Sudi wa kamasi?"

"Kamasi zimekwisha. Anauza viatu."

Kutoka duka la vitenge jibaba lenye kitambi, mteja wake tangu utotoni, likapiga kelele, "Mama Vitumbua!" na jingine likaitikia. Wakaja kumpa shikamoo mmoja mmoja, matarumbeta yanalia, na mama aliyesema hatusimami akawa anaitikia marahaba huku kanyoosha shingo kama anakagua gwaride.

Sisi enzi zetu tungelikimbiza lile gari. Vijana wa leo walisimama wameinua simu, "Bibi, tazama huku!", na tulipoondoka hakuna aliyetufuata hata hatua. Siwalaumu. Kijana ukimtuma chumvi duka la pili anakuomba lokesheni. Umwambie akimbie hadi Mnazi Mmoja si ataita bodaboda? Na wakimbie wapi, mabaraza yamekuwa fremu za maduka, na harusi ya usiyemjua siku hizi inalindwa na mtu wa kukagua kadi. Sisi kadi yetu ilikuwa miguu.

Mnazi Mmoja honi ikanyamaza yenyewe. Nikaegesha. Mama alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya ushungi, lile vumbi lake alilolisema.

"Baba yako angekuwepo," akasema, "angesema baiskeli ilikuwa na upepo zaidi."

"Turudi nyumbani, mama?"

Akauweka ushungi vizuri, akalishika shada la plastiki mapajani.

"Kwani hili limeishiwa mafuta? Geuza, tupite tena. Na hiyo honi, mwanangu, safari hii iguse makusudi."