Kikomo Kipya cha Shangazi Matrona

Shangazi Matrona hasemi ndiyo. Kijijini kwetu, huku kaskazini ya mbali kwenye barafu, wengi hatusemi. Ukiulizwa kama unataka chai, unainua nyusi, chai inamiminwa. Hutaki, unakunja pua, yamekwisha. Lakini nyusi za shangazi hazina mfano, nene na nyeusi, na zikipanda, hata aliyesimama nje ya dirisha anajua amekubaliwa.

Kazi yake ni kupika shuleni. Ni dada wa baba, na ndiye anayetulea mimi na wadogo zangu wawili. Mwaka huu, baridi ilipoisha na barafu ikavunjika mtoni, shule ikamwongezea saa za kazi. Furaha yetu haikukaa. Ofisi ya msaada ikasema kipato chake kimepita kikomo, kidogo tu, na kadi ya chakula, ile ambayo serikali huijazia pesa ya kununulia chakula, ikafungwa. Alichoongezewa hakikufika hata nusu ya alichokatwa.

"Nimepandishwa cheo, moja kwa moja mpaka njaani," alisema, akacheka, akaenda kutega wavu.

Mwezi wa nane gogo likaja na maji, likauchana ule wavu vipande vipande. Hapo hakucheka. Wavu wa chini ya barafu ndio unaotulisha wakati wa baridi, nao una saa yake. Barafu ikishaweza kubeba mtu, unautega. Ukichelewa, barafu inanenepa, na kuitoboa ni kujiua. Dukani ulibaki wavu mmoja, bei yake ya kukutoa machozi. Ila huku kwetu, kwa vile maduka ni machache na yako mbali, kadi ya chakula inaruhusiwa kununua hata nyavu na ndoana. Bila kadi, shangazi asingeupata.

Mwezi wa kumi ulipoingia, Evon akatangaza. Evon ni mtoto wa mjomba wake shangazi, na kwetu watu wa namna hiyo ni watani mpaka kufa. Alitumia redio ya kuitana, ile inayosikika kila nyumba.

"Matrona! We Matrona! Serikali imesogeza kikomo. Si unajua kila mwezi wa kumi wanakipandisha, kwa sababu bei zimepanda? Safari hii nadhani utapita chini yake, ukiinama."

"Anza kuinama wewe, kama hilo tumbo litakuruhusu," shangazi akamjibu, kijiji kizima kikisikia.

Lakini siku hiyohiyo aliomba upya. Ikabaki kuhojiwa kwa simu.

Simu ilipolia alikuwa anakanda unga. Akaniashiria niiweke mezani, sauti wazi. Evon alikuwepo, anakunywa chai yetu.

"Habari, mama. Unaishi na watoto watatu?" aliuliza mwanamke wa ofisini.

Shangazi akainua nyusi.

"Mama? Bado unafanya kazi shuleni?"

Nyusi zikapanda tena, juu zaidi, kwa heshima.

"Haloo? Upo?"

Zikakaribia nywele. Mimi niliona jibu, wadogo zangu waliliona, Evon naye aliliona akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeshtuka.

"Nadhani simu imekatika," yule mwanamke akasema. Akakata.

Shangazi akabaki na unga mikononi. "Mbona ananikatia? Si nimemjibu yote!"

"Umemjibu vizuri sana," Evon akasema. "Kama angekuwa amekaa juu ya jiko, angekuona."

Tukacheka mpaka mdogo wangu akapaliwa. Shangazi naye alicheka, kisha akatazama mtoni. Asiyehojiwa ombi lake hufungwa, aanze tena nyuma ya foleni. Kule nje tayari watoto walikuwa wanateleza kwenye barafu ya ukingoni.

Akapiga mwenyewe. Ukaja ule muziki wa kusubirisha watu. Mkate ukaumuka, ukaiva, muziki bado. Evon akaucheza na mwiko mkononi, mpaka sauti ya kiume ikatokea.

"Ofisi ya msaada, nikusaidie nini?"

Evon akaketi haraka mbele ya shangazi. "Binamu, sikiliza. Nyusi zikipanda, nagonga meza. Nikigonga, fungua mdomo."

"Mama, una watoto watatu nyumbani?"

Nyusi. Mwiko, ko!

"NDIYO!"

"Sawa mama, nakusikia. Taratibu tu. Bado uko shuleni?"

Ko!

"NDIYO!"

"Kuna mtu mwingine anayekula hapo?"

Shangazi akamtazama Evon, aliyekuwa ameshashika kipande cha mkate. Akakunja pua. Evon hakujua agonge au asigonge.

"Mama?"

"HAPANA! Yupo anayekula, ila ana kwake!"

Yule bwana alicheka kwa muda. Kisha tukasikia anabonyezabonyeza. Hakuna aliyetafuna.

"Karatasi zako za mshahara ninazo," akasema. "Kwa kikomo cha zamani ungebaki nje. Kwa hiki kipya, umo. Ninalipitisha ombi lako."

Evon akasahau, akagonga meza kwa nguvu zake zote.

"NDIYO!" shangazi akapiga kelele, ingawa hakuulizwa kitu.

Kadi ilipofunguliwa tulikwenda dukani moja kwa moja. Wavu ulikuwepo, una vumbi. Kesho yake barafu ikaweza kutubeba. Tukatoboa matundu kwenye mstari, Evon akapitisha kamba chini kwa mti mrefu, shangazi akiwa amelala kifudifudi kwenye tundu la mwisho, mkono ndani ya maji yale mpaka kwenye kiwiko, akimtukana asogeze kushoto.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa samaki!"

Akaishika kamba, tukauvuta wavu mpaka ukatandaa chini ya barafu.

Kwa desturi yetu, samaki wa kwanza si wa mwenye wavu. Mzigo ule wote niliuzungusha kwa wazee, nyumba kwa nyumba, kwa kigari cha kuteleza. Tulipouinua wavu mara ya pili, walikuwa wetu, weupe, wanene, matumbo yamejaa mayai. Tuliwala wabichi, wakiwa wameganda, vipande vyembamba vya kuchovya kwenye mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, na wadogo zangu wakagombania mayai mpaka shangazi akayala mwenyewe.