Pamba ya Mwisho ya Kerubo

Mikono ya mke wangu Kerubo ilikuwa na kazi mbili. Siku za kawaida ilikuwa ya wazee. Alipanda basi kutoka kwetu Small Heath, huku ughaibuni, akaingia nyumba hii na ile, akawaogesha, akawavisha, akawalisha. Jumamosi mikono ileile ilikuwa ya nywele. Wanawake walikaa jikoni kwetu kwa zamu, naye akasuka akiwa amesimama. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi na sigara yangu.

Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ngazi hiyo.

Daktari alisema kifua changu hakitaendelea kuvumilia sigara. Nilijaribu vibandiko vya mkononi, nikajaribu peremende za duka la dawa. Vyote vilishindwa. Kerubo hakunigombeza. Siku moja alivaa koti, akanipa langu, tukaenda Coventry Road, dukani kwa Jaspal.

Jaspal ni Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu. Anauza sigara za umeme, na mwenyewe hajawahi kuvuta kitu, dini yao imekataza tumbaku. Kerubo akamtania: mchinjaji asiyekula nyama, tutamwaminije? Jaspal akasema huyo ndiye wa kuaminiwa, maana hawezi kula mali ya duka. Wakaelewana hapo hapo.

Alitutolea mashine yenye chupa tumboni. Ni kisanduku cha kuenea kiganjani. Ndani kuna chupa laini ya juisi, yale maji yenye ladha yanayogeuka mvuke. Unaibana kwa kidole, juisi inapanda kwenye tundu hadi kwenye atomaiza, kile kikombe kidogo cha juu chenye waya na pamba. Waya unapata moto, pamba inatoa mvuke. Ukiiachia chupa, juisi iliyozidi inarudi chini yenyewe.

Mashine haikuwa na shida. Shida ilikuwa atomaiza. Ya kwanza ilikuwa pana, matundu ya hewa makubwa. Nilivuta, mvuke ukajaa duka, nikakohoa mpaka Jaspal akaniletea kiti. Kerubo akasema hiyo ni ya vijana wa kupuliza mawingu, mzee wake anataka kitu cha kunyonya kama sigara. Ya pili ilikuwa nyembamba, ila matundu yake yalikuwa ubavuni, chini. Ukibana chupa kupita kiasi inavuja. Ilinivujia mfukoni kanisani, katikati ya mahubiri, nikanukia nanasi ibada nzima. Kerubo alicheka kwa mabega tu, kitambaa mdomoni.

Ya tatu ndiyo tuliyokaa nayo. Ndogo, waya mmoja, hewa inaingia kwa juu. Shimo lake la chini lina kina, juisi inatulia humo.

Lakini atomaiza nzuri na pamba mbaya ni kazi bure. Jaspal alimwonyesha: pamba ipite ndani ya waya bila kukazwa, mikia yake ilale shimoni bila kuziba tundu la juisi. Nyumbani Kerubo akaikaza sana, ikaungua. Akailegeza, ikanitemea juisi ya moto ulimini. Akaitazama pamba ile. Halafu akaleta kitana chake cha mkia, kile cha kugawia mistari kichwani. Akaichana mikia ya pamba polepole, akaipunguza nchani, vile msusi anavyozichana nywele za kuongezea ili zisiwe nene zikavuta ngozi. Akaiingiza. Nikavuta.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa," nikasema.

Hewa nayo aliipima kwa njia yake. Atomaiza ina pete. Ukiizungusha unaongeza hewa au unapunguza. Hakuniuliza ladha. Aliniambia nivute, akaweka sikio kifuani kwangu kama alivyofanya kwa wazee wake, akaizungusha pete mpaka pumzi ikapita bila kukwaruza. Kila Jumapili kabla ya kanisa alibadilisha pamba. Ngazi ya nje nikamwachia paka wa jirani.

Kerubo alikufa Februari. Kiharusi. Hakukaa hospitali sana.

Baada ya mazishi Jumapili ilifika, na pamba haikubadilishwa. Sikutaka. Ile iliyokuwamo aliichana yeye. Nguo zake mwanetu Tevin alizifunga akazipeleka kanisani. Chakula alichoacha kwenye friji tulikimaliza. Ilibaki pamba.

Pamba haitunziki. Iligeuka kahawia, kisha nyeusi. Niliivuta hivyo hivyo, koo likiwaka. Nikabana chupa zaidi, nikafikiri pamba ina kiu. Nikazungusha pete huku na huku. Tevin alipopiga simu nikamweleza. Yeye Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Alisema ninunue mpya.

Nikaenda kwa Jaspal. Alifungua, akaona, akachukua kibano. Nikamwambia asiitoe. Alinitazama, akaifunga tena. Akanipa atomaiza nyingine kama ile, ameshaitia pamba, nitumie hiyo na ya zamani niiweke kabatini. Niliitumia kidogo. Ilikuwa nzuri, lakini pumzi ilikwaruza, na kabati nililiona kama kaburi la pili. Nikairudisha ya zamani. Ikaniunguza.

Hapo ndipo nilipoingia duka la kona nikatoka na pakiti ya sigara. Sikuifungua. Niliiweka mezani, tukatazamana.

Nabintu alinikuta hivyo. Ni mama wa Bukavu, alikuwa akisuka na Kerubo jikoni kwetu. Aliniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Papa Tevin, unavuta soksi?"

Nikamwambia ni pamba ya Kerubo. Akaweka bakuli chini, akakaa. Akaomba mashine, akafungua kifuniko, akaangalia ndani. Kisha akasema ni kweli, mkono ni wa Kerubo, hata ikiungua mkia unaonekana ulivyopunguzwa.

"Bon, papa," akasema. "Wewe uliishi na musuki. Nywele ikizeeka ku kichwa, tunafanyaka nini?"

"Mnafumua."

"Angenisuka mimi juma ile ya mwisho, leo ningekuwa nimeshafumua. Ama ningekaa na chawa juu ya kilio?"

Akauliza tena, na zile zilizofumuliwa, Kerubo alizitupa njiani?

Hapana. Hilo nalijua. Kwao Kerubo na kwetu ni mamoja, nywele za mtu hazitupwi ovyo. Kila Jumamosi jioni Kerubo alizikusanya sakafuni zote, akazifukia nyuma ya nyumba, kwenye ndoo ya udongo alimooteshea chinsaga, mboga ya kwao Kisii. Wanawake walimwamini kwa hilo.

Nikachukua kibano. Nabintu akageuka dirishani. Pamba ilitoka kwa urahisi, ilikuwa imekwisha kabisa. Nikaenda nayo nje. Chinsaga ilikuwa imekauka na baridi, udongo bado ulikuwa laini. Nikafukia kwa kidole.

Niliporudi nilifungua droo ya vijiko. Kitana kilikuwa pale pale. Nabintu akanyoosha mkono anisaidie, nikamkatalia. Pamba ya kwanza niliifanya nene. Ilinguruma, ikaungua. Akasema nina mikono ya mjenga ukuta. Ya pili nikaichana polepole, nikaipunguza nchani mpaka ikawa nyepesi. Nikailaza mikia shimoni, tundu likabaki wazi. Nikabana chupa, nikaachia, juisi iliyozidi ikarudi.

Ikabaki hewa. Nabintu akasema alete sikio? Nikamwambia hapana. Niliziba sikio langu moja kwa kidole. Ukiziba sikio unasikia kifua chako mwenyewe. Nikavuta, nikazungusha pete kidogo. Nikavuta tena. Ilikwaruza. Nikarudisha nyuma kidogo. Ikaacha.

"Sasa?" Nabintu akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Alipoondoka alichukua ile pakiti ya mezani bila kuomba, akaitia mkobani. Nilimwona. Nikamfungulia mlango.

Jumapili iliyofuata nilitoa kitana, pamba na kibano mapema. Kanisani nilichelewa kidogo, lakini nilifika.