Darasa la Baridi Nyuma ya Kanisa

Barthélemy Ndikumana hajawahi kuona theluji, lakini katika Durban nzima sijui mtu anayeijua baridi kumzidi. Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimezaliwa kwenye ukungu na mvua, na kwa miaka mingi nilijidai kwamba mambo ya baridi nayajua. Siku aliyonisikia nikijidai alicheka mpaka akashika mbavu.

"Atupele, dada yangu," akasema, "hiyo yenu iko fraîcheur tu, ubaridi kidogo."

Anafanya kazi kwenye ghala la kuku na samaki waliogandishwa, karibu na bandari. Humo ndani ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, mwaka mzima. Anaingia dakika arobaini, anatoka kupumzika dakika ishirini, anaingia tena, hivyo hivyo mpaka saa tisa alasiri. Kisha anavua lile vazi lake nene kama godoro na kupanda taxi kurudi Cato Manor. Mwezi wa saba, watu wa Durban wanapojifunika kofia za sufu na kulalamika kwamba wanakufa, yeye utamkuta kwenye robot, yaani taa za barabarani, na fulana, jasho linamtoka. Wasiomjua wanadhani ana homa.

Ujuzi huo aliupata kwa kuumia. Siku yake ya kwanza kazini, miaka tisa iliyopita, alivaa soksi tatu tatu ndani ya buti na kukaza kamba kwa nguvu zake zote, akijiona mjanja. Kufika saa nne asubuhi vidole vya miguu havikuwa vinasikia kitu. Msimamizi wake, Mzulu mmoja wa makamo, akamketisha nje, akamvua buti na kumfunika miguu kwa koti lake mwenyewe. Akamweleza kwamba mguu uliobanwa haupati damu, na mguu usiopata damu hakuna soksi itakayouokoa. Wiki iliyofuata akajifunza la pili: jasho ni adui mkubwa kuliko barafu, maana fulana ya pamba ikishalowa inamgeuka mwenyewe. Tangu hapo anafanya kazi polepole, na akihisi joto tu anafungua zipu.

Basi familia za Warundi, wakimbizi wenzake, zilipoanza kupata safari za kuhamia Kanada, zikamfuata yeye. Kila Jumamosi jioni ana darasa nyuma ya kanisa letu. Mimi nauza mitumba, kwa hiyo ndimi ninayemtafutia makoti na soksi za sufu. Anawavisha watoto glavu nene, anawapa ufunguo, anawaambia wafungue mlango wa stoo ya kanisa. Wanahangaika, wanacheka, wanaangusha ufunguo. Yeye hacheki. Anawaambia waokote, waanze upya, kwa sababu huko waendako atakayevua glavu ili afungue mlango atajuta. Asiyesikiliza anamrudisha nyumbani bila haya, hata awe mzee wa kanisa, na kwa hilo nampenda.

Faili lake mwenyewe la kuhamia huko halijasogea kwa miaka kumi na moja. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi kuwafundisha wengine kuondoka. Alisema inamuuma sana, kisha akaendelea kukunja soksi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, akaletewa Bibi Niyonkuru. Ni mama yake Lyse, yule anayesuka nywele kule Berea. Walikuwa wamekubaliwa wote wanne, bibi, Lyse na watoto wawili, kwa faili moja. Kila mtu mzima alitakiwa kutia sahihi kabla ya mwezi huo kwisha. Bibi akikataa, faili la wote linarudi chini ya rundo.

Na bibi alikataa. Barthélemy alipomwonyesha suruali ya ndani ya sufu, aliisukuma kwa ncha ya mwavuli.

"Mimi sivai pantalon. Iko nguo ya mwanaume. Niko kwenye chorale, naimba kanisani tangu kijana, sikuwahi kuvaa, sitavaa leo."

"Mama, utaivaa chini ya imvutano yako, chini ya vitenge hivi," Barthélemy akamwambia kwa upole. "Hakuna mtu ataiona."

"Mungu anaona."

Lyse akatoka nje kulia. Mimi nilikasirika, nakiri. Watoto wawili wakose shule na maisha yao kwa ajili ya kipande cha sufu! Nilimwambia Barthélemy kwamba yule bibi ni mkaidi tu na hana lingine. Akatikisa kichwa.

"Mtu akikatalia pantalon namna hii, dada, ujue iko kitu kingine," akasema.

Akamwomba msimamizi wake ruhusa ya kumwonyesha bibi baridi ya ghalani. Sheria hairuhusu wageni, lakini Jumamosi mchana malori yanakuwa yameondoka, na msimamizi akatupa dakika tano, mlangoni tu. Tulikwenda wanne. Barthélemy akamvika bibi koti la kazi juu ya vitenge vyake, akamvalisha glavu, kisha akavuta ule mlango mzito.

Baridi ilinipiga usoni nikasahau Tukuyu yote. Pua ilikauka, machozi yakanitoka. Lyse alirudi nyuma. Bibi Niyonkuru hakurudi nyuma. Alikuwa anatazama sakafu. Akavua glavu zote mbili, akainama taratibu, akaweka viganja kwenye barafu iliyoganda pale chini, akaviacha hapo.

"Kule udongo unakuwa hivi?" akauliza.

"Hivi, mama. Miezi minne, wakati mwingine mitano."

"Sasa nikikufa mwezi wa kwanza, watanichimbia wapi?"

"Maman!" Lyse akapaza sauti.

"Wewe nyamaza. Baba yako nilimwacha juu ya udongo." Alisema hivyo bila kumtazama mtu. "Tulikuwa tunakimbia, hakukuwa na jembe, hakukuwa na muda. Tulimfunika majani, tukaendelea. Mimi sitaki kulala juu ya udongo."

Niliona aibu kwa yote niliyokuwa nimesema. Nikamtazama Barthélemy, nikingoja amwambie yale tunayowaambia wazee, kwamba hutakufa leo wala kesho, acha mawazo hayo. Hakusema hivyo. Alichuchumaa mbele yake, macho yakawa sawa na yake.

"Hilo nilishauliza, mama. Arnaud, wa kwanza kusoma kwangu, alizika baba yake kule mwezi wa pili. Nilimpigia simu nikamuuliza. Wanaweka mashine ya moto juu ya udongo, siku moja, siku mbili, mpaka ulainike. Halafu wanachimba vizuri, urefu wote."

"Wanapasha udongo moto?"

"Ndiyo."

"Hata kwa mkimbizi?"

"Kwa mtu yeyote, mama."

Bibi akaipapasa tena ile barafu. Msimamizi akagonga ukuta kutuonyesha kwamba muda umekwisha, na hakuna aliyesogea. Kisha bibi akanyoosha mkono, Barthélemy akamwinua, tukatoka, mlango ukafungwa nyuma yetu.

"Lyse, iko wapi ile karatasi?" akasema. "Na hiyo pantalon iwe nyeusi."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba. Lyse aliitandaza juu ya boksi tupu, akamkabidhi mama yake kalamu, nayo ikaanguka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikunjiki. Lyse akaiokota, ikaanguka tena. Barthélemy akafungua zipu ya koti lake, akaishika ile mikono miwili ya bibi, akaiingiza ndani, chini ya makwapa yake, akaibana. Wakasimama hivyo, uso kwa uso. Alipoweza kukunja vidole, bibi akaitoa mikono, akaandika jina lake lote, herufi moja moja.